Niliyojifunza kwenye Goti la Jinzi Kuukuu

Jinzi iliyonifundisha kushona kwa mkono nilikuwa nimeivaa kwa miaka 8. Ilikuwa imeshika umbo la mwili wangu kiasi kwamba hata ikining'inia kwenye msumari ungedhani kuna mtu ndani yake, na sikuwa na nguo nyingine niliyoipenda kama hiyo. Kisha goti la kushoto likachanika. Halikuchanika kwa ghafla. Kwa wiki kadhaa liliota doa jeupe, laini kuliko sehemu nyingine za nguo, na siku moja nilipoinama kuokota kitu nikasikia mlio mdogo wa nyuzi kukatika, na nilipoangalia nikaona tundu la upana wa vidole vitatu, likiwa na nyuzi nyeupe zilizotanda mlalo kutoka ukingo mmoja hadi wa pili.

Nyuzi zile nyeupe ndizo zilizonifanya nikae chini kuichunguza nguo badala ya kuitupa. Nilijiuliza kwa nini nyuzi za buluu zimekwisha na nyeupe zimebaki, ilhali zote zimo kwenye goti moja. Jibu limo katika namna kitambaa cha jinzi kinavyofumwa. Nyuzi za mtande, yaani zile zinazoshuka wima kutoka kiunoni hadi kwenye pindo la mguu, hutiwa nili kabla ya kufumwa, na nyuzi za mshindio, zinazopita mlalo, huachwa bila rangi. Katika jinzi ya kawaida kila uzi wa mtande huruka juu ya nyuzi 3 za mshindio kabla ya kuzama chini ya mmoja, kwa hiyo buluu ndiyo inayotokeza nje na ndiyo inayopokea msuguano wa kila siku. Tena nili haiingii hadi kwenye kiini cha uzi. Huganda juu juu, tabaka baada ya tabaka, kadiri uzi unavyochovywa na kutolewa hewani, na tabaka hizo zinapolika, weupe wa ndani hujitokeza. Doa jeupe kwenye goti, basi, ni taarifa kwamba mtande umekonda na tundu liko njiani. Mimi nilikuwa nikiiona taarifa hiyo kwa muda mrefu na kuidhani urembo.

Jaribio langu la kwanza nililionea fahari kwa wiki 3. Nilichukua kitambaa kipya, kizito na kigumu, nikakata kiraka kwa kipimo cha tundu na nafasi ya kidole kimoja kuzunguka, nikakiweka kwa ndani, kisha nikakishona kufuata ukingo kwa mishono midogo sana niliyoikaza kwa nguvu zangu zote, nikitumia uzi wa poliesta uliokunjwa mara mbili. Kitambaa kile sikukifua kwanza, kwa kuwa kilikuwa kipya na safi. Suruali ilipofuliwa mara ya kwanza kiraka kilisinyaa, na kwa kuwa jinzi yenyewe ilikuwa imekwisha kusinyaa zamani, goti zima likajaa makunyanzi. Ilipofuliwa mara ya tatu nguo ilipasuka tena. Safari hii haikupasuka kwenye kiraka wala kwenye tundu la awali, bali kwenye mstari wa mshono wangu mwenyewe, kwa unyoofu wa karatasi iliyotobolewa matundu ili ichanike vizuri.

Nilimpelekea bibi yangu, ambaye ameshonea watu nguo tangu ujana wake. Aliigeuza suruali nje ndani, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, kisha akaliinua goti kuelekea dirishani ili mwanga upite.

"Tazama hapa," akaniambia. "Na hapa. Na huku pia."

Kuzunguka kiraka changu, kwa upana wa kiganja kizima, kitambaa kilikuwa kimekonda hadi mwanga ukapenya kama kwenye chujio.

"Umeziba tundu, mjukuu wangu, lakini nguo yenyewe hukuigusa."

"Sasa nifanyeje, Bibi?"

"Tafuta mahali ilipo nzima. Anzia hapo."

Sijapata kusikia maelezo bora kuliko hayo kuhusu utengenezaji wa nguo iliyochakaa. Tundu ni mahali pa mwisho pa ugonjwa ulioenea muda mrefu kabla, na anayeshona ukingo wa tundu anafunga uzi wenye nguvu kwenye kitambaa kisicho na nguvu tena. Uzi wa namna hiyo haukishiki kitambaa, unakikata. Bibi hakunieleza mengi zaidi siku ile. Aliniachia mkasi mdogo wa kufumulia na akarudi kwenye kazi yake.

Katika kutafuta mshono unaoweza kutanda juu ya eneo pana bila kulifanya kuwa gumu, nilifika kwenye sashiko, ushonaji wa mkono wa Japani ambao jina lake lina maana ya vichomo vidogo. Kwa asili yake ni bandi, ile ile ambayo fundi huipiga kwa muda ili kushikiza kitambaa kabla ya kukipitisha kwenye cherehani, isipokuwa hapa bandi haifumuliwi, bali huachwa iwe ndiyo kazi yenyewe. Historia yake ilinigusa kwa sababu haikuanzia kwenye urembo. Kaskazini mwa kisiwa cha Honshu baridi ni kali na pamba haistawi, na katika zama za Edo, kati ya 1603 na 1868, wakulima wa Tsugaru, eneo la huko kaskazini, walikatazwa kuvaa nguo za pamba, wakabaki na vitambaa vya nyuzi za mbangi vyenye nafasi kati ya uzi na uzi, ambavyo havizuii upepo. Wanawake wa huko walizijaza nafasi hizo kwa nyuzi nyeupe za pamba, wakihesabu nyuzi za mtande mmoja mmoja, na katika kuhesabu huko yakazaliwa maumbo ya pembe nne yaliyosimama kwa ncha, ambayo leo watu huyafahamu kwa jina la kogin. Katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, wazima moto walivaa makoti ya tabaka kadhaa za pamba zilizoshikanishwa kwa sashiko, wakayalowesha maji kabla ya kuukabili moto. Nguo za mashambani zilirithiwa na kutiwa kiraka juu ya kiraka hadi zikaitwa boro, yaani matambara, na mkusanyaji mmoja wa mkoa wa Aomori, huko huko kaskazini, Tanaka Chuzaburo, alitumia miongo mingi kuzihifadhi ili zisipotee.

Nilipozitazama picha za boro kwa makini, niliona kwamba mistari ya uzi haijali tundu liko wapi. Inaanzia mbali, kwenye kitambaa kizima, inavuka palipochakaa bila kubadili mwendo, inaendelea hadi kwenye uzima wa ng'ambo. Yalikuwa yale yale ya Bibi.

Nikafumua kila kitu na kuanza upya. Kiraka cha pili nilikikata kutoka kwenye shati kuukuu la pamba lililokwisha kufuliwa mara nyingi, jepesi kuliko jinzi, na nikakipa ukubwa wa kufika mahali ambapo mwanga haupenyi tena, nikaongeza sentimita 3 kila upande. Zile nyuzi nyeupe zilizotanda juu ya tundu sikuzikata, kwa kuwa ni mshindio ulio hai bado, na zikishikwa na kiraka kwa chini huwa sehemu ya nguvu ya goti. Nilikishikiza kiraka kwa pini, nikapiga bandi kubwa ya muda kwa mkato wa msalaba na kuzunguka ukingo, kisha nikachora mistari kwa rula na penseli nyeupe, nikiacha nusu sentimita kati ya mstari na mstari.

Uzi wa sashiko ni wa pamba, umesokotwa kwa ulegevu, haung'ai, na hautenganishwi nyuzinyuzi kama uzi wa kutarizia. Sindano yake ni ngumu na ndefu, karibu sentimita 5, na urefu huo sikuuelewa hadi nilipotambua kwamba katika kazi hii sindano haitembei, kitambaa ndicho kinachotembea. Aliyezoea kushona kwa mkono huchoma, huvuta, kisha huchoma tena. Hapa mkono wa kulia huituliza sindano, subana yenye kibao kidogo ikiwa imevaliwa kwenye kidole cha kati ili kibao kikae kiganjani na kuisukuma sindano kwa nyuma, huku mkono wa kushoto ukiinua na kushusha kitambaa mbele ya ncha, juu, chini, juu, chini, na kitambaa kinajipanga juu ya sindano kama marinda. Uzi huvutwa mara moja tu, marinda yakishajaa. Kwenye kitambaa chepesi sindano hubeba mishono mingi kwa mvuto mmoja. Kwenye jinzi yenye kiraka chini yake, mimi huishia mishono 4, na penye mikunjo ya pindo hushona mmoja mmoja bila kubishana na kitambaa.

Nilitumia jioni 4 kwenye kipande cha majaribio kabla ya kuligusa goti, na jioni hizo zilikuwa ngumu kuliko nilivyotazamia. Nilikuwa nimesoma kwamba mshono wa juu uwe mrefu kidogo kuliko nafasi inayoufuata, kwa uwiano wa 3 kwa 2, nami nikajaribu kuupima kila mshono kwa macho kabla sijauchoma. Kadiri nilivyoupima ndivyo ulivyopotoka: mmoja mrefu, wa pili mfupi, wa tatu ukaacha mstari. Mabega yaliniuma na kidole cha shahada kikapata sugu. Jioni ya 5 nilichoka kupima, nikayaelekeza macho mbele, kwenye mwisho wa mstari, nikauacha mkono wa kushoto upandishe na kushusha kitambaa kwa kasi moja, na kwa mara ya kwanza nikausikia uzi ukipita kwenye kitambaa kwa mnong'ono mrefu usiokatika. Nilipoigeuza kazi, mishono ilikuwa karibu sawa yote. Usawa ulitoka kwenye mwendo wa mkono, na macho yangu yalikuwa yakiuingilia tu mwendo huo. Hadi leo mtu akiniita katikati ya mstari na nikamjibu, mahali hapo huonekana kwenye nguo, mishono miwili mitatu iliyotoka kwenye mwendo, na mimi siifumui.

Makosa mengine yalikuwa ya mikono zaidi kuliko ya akili. Jioni moja nilishona mistari 6 kwa furaha kubwa, kisha nikagundua kwamba sindano ilikuwa imeshika upande wa nyuma wa mguu wa suruali na kuuziba kabisa. Niliifumua yote. Baada ya hapo niliwahi kuingiza jalada gumu la kitabu ndani ya mguu ili linitenganishie mbele na nyuma, na njia hiyo inafaa kwa mguu mpana. Kwa mguu mwembamba njia iliyo bora ni kufumua mshono wa pembeni kwa urefu wa dhiraa moja hivi, kulilaza goti bapa, kulifanyia kazi kwa raha, na kuurudisha mshono mwishoni. Mara nyingi mshono wa nje wa jinzi ndio rahisi kufumua, kwa kuwa ule wa ndani ya paja umekunjwa na kupigwa mistari miwili ya uzi mnene.

Kosa lililochukua muda mrefu zaidi kuniacha ni la kukaza. Nilikuwa na imani, kama ile iliyoharibu kiraka cha kwanza, kwamba uzi uliokazwa ndio ulioshika. Kumbe goti hukunjwa kila mtu anapoketi, na kila linapokunjwa kitambaa hudai nafasi. Uzi ukikosa pa kunyooka, unavuta mahali dhaifu. Sasa nikimaliza kila mstari hukikamata kitambaa kwa vidole vya mikono miwili na kukinyoosha polepole kufuata mstari, ili uzi ujigawe sawa na mikunjo ifunguke, na kila ninapogeuka mwishoni mwa mstari kwenda mstari unaofuata huacha kitanzi kidogo kwa nyuma, upana wa kama milimita 3. Vitanzi hivyo havionekani na mtu yeyote isipokuwa mvaaji, lakini ndivyo vinavyoipa nguo pumzi. Fundo nalo siweki ndani ya goti, kwa sababu humchoma mtu akipiga magoti na hufunguka kwa kusuguliwa. Naanza kwa kushona mishono mitatu kinyume, kisha narudi juu yake, na uzi unajishika wenyewe.

Kuhusu nakshi nina maoni yangu, na si kila mshonaji atakubaliana nami. Watu wanaoanza huvutiwa na asanoha, jani la mbangi lenye nyota za mistari sita, au seigaiha, mawimbi yaliyopandana kama magamba ya samaki, na ni kweli kwamba ni nakshi nzuri mno. Hata hivyo goti ni mahali pa kazi, na nakshi zenye mistari mingi inayokutana kwenye nukta moja hurundika uzi hapo na kuacha nafasi tupu kwingine, ilhali goti linahitaji nguvu iliyosambaa. Ndiyo maana kwenye asanoha washonaji wazuri huacha katikati pasipochomwa, mishono ikakaribiana bila kugusana. Mimi kwenye magoti hutumia misalaba midogo inayoitwa juji, mistari ya mlalo kwanza yote, kisha ya wima inayopita katikati ya kila mshono wa mlalo. Inaanza kwa kuchosha, na hadi nusu ya kwanza huoni chochote cha kujivunia, ila mistari mitupu. Kisha ukianza za wima, misalaba inatokea mmoja baada ya mwingine kama nyota jioni, na hapo ndipo ninaposahau saa. Asanoha naiwekea mfuko wa nyuma, ambao haukunjwi.

Msamba ni jambo lingine, na ninawashauri wanaojifunza wasianzie hapo. Kitambaa hapo husuguliwa pande zote, mishono minne minene hukutana, na kiraka kizito humkera mtu anapotembea. Natumia kitambaa chepesi kabisa, mistari iliyobanana, uzi wa rangi ya jinzi, wala siweki nakshi yoyote. Jinzi zinazovutika zina masharti yake pia, kwa kuwa uzi wa spandeksi uliomo ndani ya mshindio hurudi nyuma kila unapoachiwa. Ukizishona kwa mistari minyoofu iliyokazwa, uzi wako hukatika siku ya kwanza ya kuchuchumaa. Kwenye hizo nashona nguo ikiwa imevutwa kidogo, na napendelea mistari ya mshazari.

Baada ya miezi kadhaa ya magoti nilijiona nimekomaa, nikaamua kujifunza kujalidi vitabu vidogo kwa mkono, nikidhani kwamba anayejua sindano na uzi tayari amefika nusu ya njia. Haikuwa hivyo. Ule mwendo wa mkono wa kushoto nilioutafuta kwa jioni 5 haukuwa na kazi hata kidogo, kwa sababu karatasi haijikunji juu ya sindano. Hutobolewa kwanza kwa msharasi, tundu moja moja, kwa kipimo, ndipo uzi upite. Nilirudi kuwa mwanagenzi kabisa, na kitabu changu cha kwanza kilichanika mgongoni kwa sababu niliuvuta uzi kuelekea upande usio sahihi nao ukaikata karatasi kama kisu. Nilipokiona kile kijitabu kilichochanika nilikumbuka kiraka cha kwanza, mstari ule ule mnyoofu, na nikajua la kufanya kabla ya kumuuliza mtu: nikatia ukanda wa kitambaa mgongoni ili uzi uwe na kitu kizima cha kuegemea, na nikauvuta kufuata mkunjo wa karatasi. Kitabu cha pili kimeshika hadi leo. Mikono haikubeba chochote kutoka kwenye jinzi, lakini jicho lilibeba. Lilikuwa limezoea kutafuta mahali palipo pazima.

Kwenye kufuma kwa kulabu sikupiga hatua, na nimeiacha. Kuziba soksi kwa kufuma nyuzi juu ya tundu, mtande kwanza kisha mshindio unaopita juu na chini yake, kulinijia kwa wepesi, nadhani kwa sababu nilikuwa nimetumia saa nyingi nikiangalia kitambaa kilichofumuka na kujua kila uzi ulikuwa ukienda wapi.

Jinzi ile ya kwanza bado naivaa. Goti la kushoto limetiwa kiraka mara 3, kila kimoja kikipanda kidogo juu ya kilichotangulia, na misalaba ya zamani imepauka kufuata jinzi huku ya karibuni ikiwa nyeupe bado, hivyo anayejua kutazama anaweza kuhesabu ni lini palitengenezwa nini. Juzi nililiinua goti la kulia kuelekea dirishani, kama alivyofanya Bibi, na mwanga ukapenya kidogo upande wa juu, mahali ambapo kwa nje hakuna hata doa. Kiraka chake nimekwisha kukikata na kukifua, kimeanikwa uani. Kikikauka nitakipiga pasi, na jioni nitaanza bandi.